Ibra Wamesema Kheri

Ukimuuliza Mzee Jamaldini habari, atakwambia kheri. Nyumba iwe inawaka moto nyuma ya mgongo wake, atakwambia kheri, atakukaribisha ukae, atakusogezea tende, atakumiminia kahawa, na ukishatikisa finjani kuonyesha umetosheka, ndipo atakapokwambia kuwa kuna moto. Wazimu? Si wazimu. Ndiyo ada ya watu wa mji wa Ibra na ya mkoa mzima wa Sharqiyah, huku nchi ya Waarabu. Mgeni akiingia huulizwa, kuna habari? Naye hujibu, kheri, hakuna habari. Huulizwa tena, hujibu vile vile. Ni baada ya kahawa, akiulizwa mara ya tatu, ndipo maiti hutajwa, na ugomvi, na talaka.

Lakini wenyeji waliozaliwa na ada hii wanajua pa kuikunja. Mwenyeji akiona nge kwenye kanzu yako hatakwambia kheri. Jamaldini hakuzaliwa nayo. Alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, akafika Ibra kijana anayeota ndevu, hajui hata Kiarabu cha kuombea maji. Siku ya kwanza wazee walimkalisha kwenye sabla, baraza la mtaa, wakamuuliza habari, naye maskini akazitoa zote pale pale, dele la kahawa halijazunguka: baba alivyouawa, duka lilivyochukuliwa, dada yake Saliha alivyolia melini safari nzima. Wazee wakainamisha macho. Vijana wakacheka mpaka wakatoka nje. "Mzinjibari kamwaga habari kama mtu kamwaga uji," wakasema, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Muhanna, jirani yake, ambaye baadaye akawa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Tangu siku ile Jamaldini aliapa hatamwaga tena. Na mtu aliyefunzwa ada kwa kuchekwa huishika kuliko wenyewe.

Mkewe alipofariki, alimpigia simu binti yake Balqis, aliyekuwa akisoma uhandisi ng'ambo. "Kheri, mwanangu," alisema, kisha akamuuliza kuhusu baridi na mitihani. Balqis akakata simu, akaenda zake kula. Habari ya mama yake aliipata kesho yake kwa shangazi. Aliporudi, macho yamevimba, aliweka sharti. "Baba, mimi nitakuuliza mara tatu kila siku nikikuona, na ya tatu lazima useme. Wallahi lazima. Niahidi." Akaahidi, na tumpe haki yake, ahadi ile aliitimiza mpaka mwaka huu.

Sasa kazi ya Balqis. Ndege inayokwenda mbio kuliko sauti hupiga kishindo kama mzinga, na ndiyo maana nchi nyingi zimeipiga marufuku kupita hivyo juu ya watu. Kampuni moja ya kigeni ikatengeneza ndege yenye pua ndefu kama sindano ya kushonea magunia, na Balqis alikuwa mmoja wa waliolichonga umbo lile kwenye kompyuta, usichana wake wote ukaishia humo. Nia ilikuwa kishindo kisishuke kama mzinga, bali kama mtu kaangusha godoro chumba cha pili. Majaribio yakaletwa Sharqiyah. Ndege ingeingia kutoka baharini upande wa Sur, ipite juu ya Jalan na Al Kamil, ikate kona kwenye milima ya Dima wa Tayyin, irudi ilikotoka. Kila ikishapita, watu waliojiandikisha wangepata ujumbe kwenye simu: umesumbuka kiasi gani, sifuri mpaka kumi.

"Hatari iko kwenye kona, Baba," Balqis alimweleza baba yake, uani, sinia ya tende ikiwa katikati yao. "Ndege ikinyooka, sauti inatawanyika. Ikikata kona, sauti zote zinaweza kukusanyika mahali pamoja, kama jua kwenye kioo cha miwani yako. Inachoma. Hesabu yetu inasema itaangukia milimani, hakuna mtu. Lakini upepo wa juu unaweza kuisukuma, na huku Ibra vyombo vya kupimia hatujaweka. Kwa hiyo watu ndio watatuambia. Wakisema tu, tunahamisha kona baharini. Siku moja, khalas."

"Na wakisema wengi inasumbua?"

Balqis alicheka. "Basi nimekwisha! Ndege inatiwa makumbusho, na mie unanikuta Souq ya Nizwa nakaanga sambusa."

"Na akisema mtu mmoja tu?"

"Mmoja kasema kumi na wenzake wote sifuri? Kompyuta inamtupa. Labda kabonyeza vibaya, labda kagombana na mkewe."

Ule wa sambusa ulikuwa utani. Mtoto anamtania baba yake, basi. Lakini Jamaldini aliuchukua ule utani akaulaza kifuani, akaamka nao kila siku. Aliufikiria wakati wa udhu na wakati wa kumwagilia mitende. Mtoto aliyempoteza mama akiwa peke yake ugenini, akala chakula cha mchana siku ile bila kujua, kwa sababu ya ulimi wa baba yake. Mtoto huyo asipoteze na hiki.

Siku za mwanzo, kweli, lilikuwa godoro. Puu, mbali, na ndege wa mitendeni hata hawakuruka. Jamaldini alikaa uani na simu mkononi kama mtu anayengoja matokeo ya mpira. Ujumbe ukaingia, akabonyeza sifuri kwa haki kabisa, tena kwa furaha. "Umesikia, Dada?" akamwita Bi Saliha. "Hiyo ndiyo kazi ya mwanao!"

"Sikusikia kitu," akajibu Bi Saliha kutoka dirishani. "Na mie masikio yangu unayajua, nasikia mpaka unavyosema peke yako chooni."

Kisha joto likaingia, pepo za juu zikageuka.

Siku hiyo Zabibu, mwanamke wa Muheza aliyekuwa akiwafanyia kazi za nyumbani, alikuwa anapepeta mchele. Kishindo kilipopiga, ungo ulimtoka mkononi. Haikuwa sauti tu. Ilikuwa kama mtu kaipiga nyumba teke kwa chini. Finjani zilianguka rafuni. Vumbi likashuka darini, baina ya magogo ya mitende, likatanda kwenye kitanda cha Bi Saliha. Nyumba ile, lazima ujue, ni ya udongo, ya ghorofa moja, aliijenga babu yao kwa faida ya karafuu, na watu wote wa mtaa ule wa kale walikwishahamia nyumba za saruji isipokuwa wachache. Jamaldini aliikuta magofu akaifufua kwa mikono yake mwenyewe. Alipanda ngazi mbio, akamkuta dada yake amekaa kitandani, mtandio umejaa vumbi, anakohoa.

"Jamali we! Hilo ndilo godoro? Limejazwa mawe godoro hilo?"

Nyuma yake, kutoka pembe ya dirisha kwenda chini, ukuta ulikuwa umepasuka. Ufa mwembamba, ungeweza kuupitisha wembe. Jamaldini aliugusa kwa kidole. Simu ikalia mfukoni mwake: umesumbuka kiasi gani? Akaitazama. Akamtazama dada yake anavyojipangusa macho. Akabonyeza sifuri.

"Umejibu nini?" Bi Saliha akauliza.

"Kheri."

"Hebu mtazame huyu! Mwambie mtoto. Si alisema wataihamisha?"

"Ni upepo wa leo tu. Kesho itatulia."

Haikutulia. Alasiri ile kwenye sabla Muhanna aliingia amefura. Kioo cha dirisha lake kimeanguka, mbuzi wake wamevunja uzio wamekimbilia wadi, bonde la mto mkavu, na mjukuu wake mchanga amelia mpaka akapaliwa. "Nitabonyeza kumi," akasema, "na ingekuwapo kumi na moja ningebonyeza hiyo." Wengine wakaitikia. Hapo Jamaldini akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ujana wake: akasema kilicho moyoni mbele ya watu. Akawaomba. Akasema ile ndege ni ya binti yake. Akasema yeye ni mtu aliyekuja kwao mikono mitupu, hana mtoto mwingine, wala hajapata kuwaomba kitu. "Tuseme kheri," alisema. "Si ndivyo mlivyonifunza? Tuseme kheri mpaka yaishe."

Muhanna alimtazama rafiki yake, akaona ndevu zinavyotetemeka, akaona haya kwa ile hasira yake. "Basi kheri," akasema. "Kioo kitu gani? Kheri." Na sabla nzima ikasema kheri, na waliorudi majumbani wakawaambia wake zao, na wake zao wakaambiana. Watu wa Ibra ni watu wema. Ubaya wote uliofuata ulitoka kwenye wema, na mimi sijui mtu afanye nini na jambo kama hilo.

Ufa ukapanuka. Jamaldini alikanda udongo na makapi, akauziba. Kishindo cha kesho yake kikautema ule udongo wote sakafuni. Akaziba tena. Ulipofika kiasi cha kuingia kidole, ukuta wenyewe ukaanza kutoa tumbo. Na Ijumaa inakuja, na Balqis huja kila Ijumaa, na kitu cha kwanza ni kupanda kwenda kumwamkia shangazi yake.

Basi likaja wazo la kabati. Lilikuwa kabati la msaji, refu, zito, la Bi Saliha mwenyewe, limesimama ukuta wa pili. Jamaldini na Zabibu walilisukuma, wakahema, wakalisukuma, mpaka likauficha ufa wote. Lilisimama sasa ubavuni mwa kitanda.

"Babu, hili likianguka?" Zabibu akauliza.

"Halianguki. Kabati kama hili huanguka?"

Bi Saliha alikuwa amekaa kitandani akiwaangalia, tasbihi mkononi, kicheko kimembana. "Loo! Nimesikia usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kuziba ufa kwa kabati, hiyo mpya, hiyo ya kwako Jamali." Kisha hakucheka tena. "Mdogo wangu, mficha maradhi kilio humfichua. Mwambie mtoto."

"Zimebaki za wiki ijayo tu, Dada. Wiki moja. Baada ya hapo namleta fundi."

"Na akikuuliza mara ya tatu?"

Jamaldini akaokota udongo uliobaki sakafuni, akashuka ngazi.

Balqis alikuja amejaa furaha, gari halijazima vizuri keshashuka. "Shikamoo Baba. Shikamoo Shangazi. Shangazi, umehamisha kabati? Chumba kimekuwa kidogo."

"Marahaba. Nilitaka kubadilisha," akasema Bi Saliha, na macho yake yakamwendea mdogo wake.

Kahawa ilipomiminwa, Balqis akaanza mchezo wao. "Kuna habari, Baba?"

"Kheri, hakuna habari."

"Hakuna habari?"

"Kheri."

Akanywa, akala tende, akatikisa finjani. "Haya, ya tatu. Habari?"

Bi Saliha alifungua mdomo. Jamaldini akamtazama, na lile tazamo halikuwa la amri, lilikuwa la mtu anayeomba, la yule kijana wa melini. Bi Saliha akaufunga mdomo wake.

"Zabibu anataka likizo aende kwao," akasema Jamaldini. "Hiyo tu."

"Alhamdulillah. Basi sikilizeni mimi sasa." Na Balqis akawaeleza. Jalan wanalalamika kidogo. Al Kamil wanalalamika kidogo. Lakini Ibra! Ibra sifuri, sifuri, sifuri, na Ibra ndiyo iliyo karibu na kona. Hata Luay, mkuu wake wa ofisi ya Nizwa, alishangaa. Alisema haiwezekani, akataka vipimo viletwe, halafu wageni wa kampuni wakasema kwa nini tupoteze wakati, watu wenyewe si wamesema. "Baba, ikiisha hivi, nimefaulu. Wallahi nimefaulu." Akamkumbatia. Jamaldini alinusa udi kwenye shela ya mwanawe, na kwa dakika ile alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wa Ibra, na moyo wake ulikuwa unamuuma vibaya sana.

Balqis alipoondoka, Jamaldini alimwambia dada yake ahamie chumba cha chini.

"Sitoki," akasema Bi Saliha. "Huku ndiko kwenye dirisha langu. Halafu mtoto akija tena aulize kwa nini nimeshuka? Umeshasema uongo, ndugu yangu, basi uukalie na mimi nitaukalia nawe. Wiki moja, si umesema?"

Angeweza kumlazimisha. Alikuwa na nguvu za kutosha kumbeba. Alimwacha.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Jamaldini alikuwa uani, dele liko jikoni kwenye makaa, Bi Saliha kajilaza baada ya kifungua kinywa, sauti yake ya tasbihi inashuka kwa dirisha. Kishindo kikapiga. Kilikuwa kama vingine, si kikubwa zaidi. Kisha, baada ya kimya kifupi, nyumba ikatoa sauti yake yenyewe, nzito, ya kitu kinacholala chini. Zabibu akapiga yowe.

Ukuta haukuanguka wote. Laiti ungeanguka wote, ungeangukia nje, bondeni, kwenye magofu. Ulivimba tu ukalisukuma kabati, na kabati likalala juu ya kitanda. Jamaldini alilishika kwa mikono yake miwili asiweze kulinyanyua hata kidogo. Muhanna alikuja mbio bila kilemba, na mwanawe, na watu wengine, wakalinyanyua. Nguo zote za Bi Saliha zilikuwa zimemwagika juu yake, kanga zake za Unguja alizozitunza miaka yote kwa karafuu na asumini kavu, chumba kizima kinanukia. Tasbihi ilikuwa kidoleni. Mwili ulikuwa bado una joto, na Jamaldini akawa anamwita kwa jina la utotoni, Sali, Sali, amka, Sali, mpaka Muhanna akamkumbatia kwa nyuma akamtoa nje.

Simu ililia mfukoni. Na ya Muhanna ikalia. Hakuna aliyezitoa.

Alimpigia Balqis Nizwa. "Kheri, mwanangu," alisema. "Njoo nyumbani."

"Naja, Baba," akasema Balqis.

Alipofika, wanawake walikuwa wanamwosha maiti chumba cha chini, naye alipoona viatu vingi mlangoni alijua ni msiba, hakujua wa nani wala wa nini. Lakini baba yake alikuwa amekaa uani juu ya mkeka, udongo kwenye ndevu, dele mbele yake, tende mbele yake. Alikuwa anamngoja. Masikini, hakujua njia nyingine ya kusema. Balqis akakaa. Jamaldini akammiminia kahawa.

"Kuna habari, Baba?"

"Kheri."

"Hakuna habari?"

"Kheri, hakuna habari."

Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka. Akaipeleka finjani mdomoni, akairudisha bila kunywa. "Habari, Baba?"

"Shangazi yako amekufa. Kabati limemwangukia."

Balqis akajifunika uso kwa shela akalia, akasema innalillahi, akasema nyumba hii kuukuu, nilisema muhame, nilisema. Na hapo mambo yangeweza kukoma. Habari ilikuwa imeshatolewa, mara tatu zimekwisha, ada imetimia. Hakuna ada ya swali la nne. Lakini Balqis aliufunua uso, akatazama juu dirishani, na ile akili yake iliyosomeshwa ikaanza kufanya kazi bila ruhusa yake.

"Kabati la msaji? Lilianguka vipi? Kwa nini mlilihamisha?"

Jamaldini akamweleza. Safari hii alimwaga kama alivyomwaga ujanani, bila mpango, bila kupumua: ufa, udongo, sabla, kioo cha Muhanna, mbuzi, sifuri zote za Ibra, na kwamba Saliha alitaka kusema na yeye akamzuia kwa macho. Balqis alisikiliza mpaka mwisho.

"Ilikuwa siku moja tu, Baba," akasema taratibu. "Kuihamisha kona. Nilikwambia. Siku moja."

"Ulisema utakuwa umekwisha."

"Nilikuwa natania!"

Watu wakageuka. Akashusha sauti. "Nilikuwa natania, Baba."

Simu yake ikalia hapo hapo. Alikuwa Luay. Sauti yake ilitoka wazi, ya mtu mwungwana aliyeshtuka. Alisema amesikia kuna nyumba imeanguka Ibra na mtu amefariki, akampa pole alipojua ni shangazi yake, kisha akasema anaona haya kuuliza saa kama hii, lakini lazima aulize, ndege ya alasiri iko tayari kuruka na neno lake linatosha kuizuia. Kishindo cha asubuhi, huko kwao, kilikuwaje? Kuna habari?

Balqis alimtazama baba yake. Aliona ule udongo kwenye ndevu. Aliona kucha zilizopasuka kwa kushindana na kabati. Jamaldini akamwashiria kwa kichwa: sema. Sema, mwanangu.

"Kheri," akasema Balqis.

"Hakuna habari?"

"Hakuna habari. Nyumba ilikuwa kuukuu."

Jamaldini alishika ukingo wa mkeka. Luay ni mtu wa Sur, mtoto wa watu, ada anaijua. Ataitimiza, alijiambia. Ataiuliza ya tatu, na ya tatu Balqis hawezi kusema uongo, mimi ndiye niliyemzoeza hivyo. Aliomba kwa moyo wake wote. Lakini kumbe hata ada ya mara tatu ina adabu yake, na mtu mwenye adabu hamsumbui mfiwa. "Mungu amrehemu," akasema Luay, akakata simu.

"Mpigie tena," akasema Jamaldini.

"Nikisema, watauliza kwa nini Ibra nzima waliandika sifuri. Watakuja hapa, watawauliza watu mmoja mmoja. Kila mtu atajua nani kaliweka kabati pale. Watasema umemuua dada yako, Baba."

"Si nimemuua?"

"Mie siwezi kulisema," Balqis akasema, akasimama kwenda kwa wanawake. "Usiniombe niliseme. Siwezi."

Walimzika alasiri, chini ya kilima, kwenye makaburi yasiyo na maandishi, jiwe kichwani na jiwe miguuni. Jamaldini aliingia kaburini mwenyewe kumpokea. Alikuwa mwepesi kuliko alivyokumbuka. Alipotolewa, wakaanza kufukia, na ndipo kilipopiga. Ardhi ilitikisika chini ya miguu yao, na udongo wa ukingo wa kaburi ukateremka wenyewe, bila koleo, ukamfunika. Wanaume wote wakasimama. Hakuna aliyetazama juu, maana juu hakuna kitu cha kuona.

Kisha simu zikaanza. Moja, halafu nyingine, halafu zote pamoja, kwenye mifuko ya kanzu, mikandani, zikilia pembeni mwa kaburi. Muhanna akaitoa yake. Alimtazama rafiki yake kwa huruma iliyokuwa kubwa kuliko maneno, akabonyeza, akamwonyesha kioo cha simu ili aone: sifuri. "Usihofu, ndugu yangu," alimnong'oneza. "Tuko na binti yako." Na wengine, mmoja baada ya mmoja, kwa heshima, vichwa chini, wakabonyeza kama yeye.

Jamaldini akatoa simu yake. Vidole vyake vilikuwa na udongo na kioo hakikusikia, akavifuta kwenye kanzu, akajaribu tena. Akabonyeza kumi. Alibaki ameishika, akiitazama, mpaka maneno ya shukrani yalipotokea kwa jibu lake. Alikumbuka vizuri sana, kwa sauti ya Balqis mwenyewe, kompyuta inamfanya nini mtu aliyesema kumi peke yake.